Minazi Tuliipanda Sisi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ninawaonya mapema, kwa sababu nikilisimulia jambo hili huwa ninajikasirikia upya, hata uzeeni huku. Watu wa kanisani hupenda nisimame niwaeleze vijana jinsi nilivyolishinda jaribu. Nililishinda wapi! Nilinaswa, nikatapatapa, nikatoka nimechunika ngozi, na muda wote huo nilikuwa ninaongoza nyimbo za dini kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Tulikuwa tunakaa upande wa Msambweni, ndani kidogo kutoka njia ya kwenda Bodo. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Sisi si wenyeji wa pale. Babu yangu alikuwa Mduruma wa huko juu kwenye ukavu, akateremka pwani mwaka wa njaa na mkewe, mbuzi wawili na panga. Mdigo mmoja akampa mahali pa kukaa. Hapa nieleze vizuri, maana jambo hili huwapita wageni: kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Yule Mdigo alimwambia babu apande minazi, ale yeye na wajukuu zake, lakini ardhi ibaki kuwa ya aliyempa. Hawakuandikiana chochote. Alama ya mapatano yao ilikuwa kapu. Kila mwaka, masika yakiisha, nazi za kwanza kuanguliwa zilitiwa kapuni na kupelekwa kwa mwenye ardhi, kuonyesha kwamba tunakumbuka tumekaa kwa nani. Kapu lilikosa kwenda kwa sababu moja tu, nayo ni msiba. Nyumba yenye msiba ilikuwa haiangui nazi mpaka matanga yaondolewe.

Babu alikufa, na yule Mdigo akafa. Akabaki mjane wake, bibi mmoja mwembamba asiye na mtoto, mcheshi, mwenye maneno. Tangu nilipooa, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea kapu. Nilikuwa nikibisha hodi, ninamwambia shikamoo, naye anaitikia marahaba mjukuu wangu, kisha anaanza kunitania kwamba nazi za mwaka huu ni ndogo kama kichwa changu. Nilikuwa nikinywa chai yake ya tangawizi hapo barazani. Tulikuwa na dini mbili tofauti, yeye na sala zake tano na mimi na Jumapili yangu, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo lilipotutia maneno.

Sasa nije kwa baba yangu mdogo. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, na yeye, ndugu yake baba, ndiye aliyenilea. Alinifundisha kusoma kwa Kitabu Kitakatifu, kidole chake kikitembea juu ya mstari. Alikuwa mzee wa kanisa letu dogo la udongo, mtu wa kuheshimiwa, asiyelewa, asiyetukana. Nyumba yangu niliijenga uani kwake, hatua ishirini kutoka mlango wake. Kila nilichokuwa nacho kilitoka mkononi mwake. Ninalisema hili ili msije mkamwona mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonimaliza.

Serikali mpya ikatangaza kwamba mashamba yote yatapimwa na kila mtu aandikiwe lake. Huko Diani hoteli zilikuwa zimeanza kuota, na maneno ya ardhi yalikuwa yamejaa kila baraza. Baba mdogo alinikuta ninasuka kuti, akakaa kitako karibu yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu," akasema, "yule bibi akifa, unajua nani atarithi?"

"Mpwa wake wa Likoni."

"Yule mpwa ametukanyagia uani mara ngapi? Hajui hata majina yetu. Atauza kesho yake, na sisi tutaambiwa tuondoke, wakuja tusio na mbele wala nyuma. Makaburi ya baba na ya babako yako hapa. Mkeo ana mimba. Atazalia wapi?"

Nikamwambia ardhi si yetu. Akaniambia anajua. Akasema, kwa upole kabisa, "Sikutumi useme uongo. Wakikuuliza minazi aliipanda nani, wajibu. Basi. Huo si ukweli?"

Ulikuwa ukweli. Lo, ninavyouchukia ukweli ule! Kama angeniambia niseme uongo ningekataa papo hapo, na pengine ningejiona malaika. Lakini aliniwekea mbele yangu ukweli, akaniomba niusimamie. Na tusifichane: ndani yangu palikuwa na kitu kilichoruka kwa furaha. Niliitaka ardhi ile. Niliitaka ile ya chini, penye kisima, ambapo mpunga ulikuwa unaota hata mvua ikiwa ndogo. Nilishaona kwa macho yangu ua nitakaoujenga.

Siku ya kupimwa kwetu ilipofika, bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Vanga kumuuguza dada yake, na hakuna aliyemtumia habari. Baba mdogo alijua hivyo. Mimi pia nilijua.

Afisa alikuwa kijana wa bara, amevaa soksi ndefu, mwenye haraka na mwenye kutokwa jasho, na pamoja naye walikuwa wazee wa kamati. Kuapisha Waislamu walikuwa na msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Kwa Mkristo hawakuwa na kitu, kwa hiyo nilikuwa nimeambiwa nije na Kitabu changu mwenyewe. Nilikibeba kwapani toka nyumbani, kile kile alichonifundishia baba mdogo, nikaweka mkono juu yake na kuapa.

Afisa akauliza minazi ni ya nani. Baba mdogo akajibu. Mzee mmoja wa kamati, Mdigo mwenye ndevu nyeupe, akainua kichwa. Yeye alikuwa mtu wa pwani, hakuwa wa kupitwa na jambo kama lile.

"Minazi tumesikia," akasema. "Na ardhi je?" Kisha akanigeukia mimi, akamwacha baba mdogo. "Huyu kijana ni mtu wa dini. Huyu hasemi uongo. Ardhi ni ya nani, mwanangu?"

Watu wote wakanitazama. Mkono bado uko juu ya Kitabu. Nikasema, "Babu yangu ndiye aliyepanda hapa, mzee. Kila mnazi mnaouona aliupanda yeye."

Yule mzee alinitazama kitambo, akingoja nimalize. Sikumaliza. Akatikisa kichwa, na afisa akaandika. Mambo yalikwisha upesi hivyo, na bado jua lilikuwa halijafika utosini.

Daftari lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, na tukaambiwa kuna siku sitini za malalamiko. Baada ya hapo jina likishaandikwa limeandikwa. Siku sitini! Mtu akiniuliza jela ni nini, ninamwambia ni siku sitini za kutembea huru. Nilikuwa ninaenda shambani, ninarudi, ninakula, na kila mahali nilipopageukia palikuwa pameshafungwa. Nikisema, ninamwangusha aliyenilea mbele ya watu, na mke wangu anajifungulia njiani. Nisiposema, ninamwibia mwanamke mzee ambaye nimekunywa chai yake miaka yote ile. Nilitafuta upenyo wa tatu, nikautafuta kwa sala, kwa kufunga, hata kwa kwenda kuitembeatembea ile mipaka kama mwendawazimu, nikijaribu kujisadikisha kwamba huenda babu alipewa moja kwa moja. Hakukuwa na upenyo.

Jumapili ndiyo ilikuwa adhabu. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kwa baiskeli, na siku yake ndiyo tulikuwa tunashiriki Meza ya Bwana. Mara ya kwanza alipokuja nilisema tumbo linaniuma. Mchungaji akaniwekea mikono na kuniombea tumbo. Mama wee, aibu niliyoiona! Nilikuwa nimepiga magoti, mzima kama ng'ombe, watu wananiombea nipone, na baba mdogo anaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilitaka kumwomba mchungaji tuzungumze kando. Lakini kila alipokuja alifikia kwa baba mdogo, akala kwa baba mdogo, akasindikizwa na baba mdogo. Huyo ndiye aliyekuwa mlango wangu wa kwenda kwa Mungu, tangu nikiwa sijui kusoma, na sasa alikuwa amesimama mlangoni.

Mke wangu nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo lake.

"Unataka nikwambie useme?" akaniuliza.

"Nataka uniambie unavyoona."

"Mimi ninaona mtoto," akasema. "Wewe ukisema, mimi nitazalia wapi? Usiniulize dini. Niulize pa kulaza mtoto." Kisha akalia, na mimi nikamfokea, eti ananiongezea mzigo. Nilimfokea mwanamke mjamzito kwa kusema kweli. Hiyo ndiyo imani niliyokuwa nayo wakati ule.

Masika yakaisha. Nazi zikaanguliwa, na baba mdogo akaamuru kapu lisiende. "Tukilipeleka tunakiri," akasema. Kapu likabaki limetundikwa ukutani. Sikubisha. Nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza, na nikaona kunyamaza mara ya pili ni kwepesi zaidi.

Siku chache baadaye, asubuhi, tukasikia hodi. Alikuwa bibi. Alikuwa amerudi kutoka Vanga, amejifunga leso nyeusi, amebeba mchele kichwani, na yule mwanamke mwenye mizaha yake yote alikuwa ameinamisha uso. Hakuuliza hali. Alivua viatu, akaingia, akaketi chini kwenye mkeka pale wanawake wa msibani hukaa, akaweka mchele mbele yake.

"Poleni," akasema. "Poleni sana, wanangu. Nimerudi juzi, nikangoja kapu, sikuliona. Nikasema, masalale, jamaa zangu wamefiwa na mimi sipo. Ni nani ametutoka?"

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Mke wangu alikuwa jikoni, akaacha kupuliza moto, akaja kusimama karibu nasi. Bibi akaanza kutuhesabu kwa macho, mmoja mmoja, akitafuta aliyepungua. Macho yake yalipofika kwenye tumbo la mke wangu yalijaa machozi. Akauliza polepole, "Si mtoto? Mungu apishe mbali, si mtoto?"

"Si mtoto, Bibi," mke wangu akasema, akakimbilia nje.

Baba mdogo ndiye aliyeokoa siku, mkipenda kuita hivyo. Alisema tumefiwa na ndugu huko juu kwa Waduruma, mtu wa mbali, ndiyo maana. Na bibi, maskini, akainua mikono akamwombea dua yule marehemu ambaye hakuwepo. Alimwombea Mkristo asiye na jina, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, awekwe mahali pema. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye. Dua ilipokwisha niliitikia amina, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Akatuachia mchele, akatusihi tusimpelekee kapu mpaka roho zitulie, akaenda zake.

Mchele tuliupika. Tuliula. Nilitapika nyuma ya choo mpaka nikaona nyota mchana, na safari hii tumbo lilikuwa linauma kweli.

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Sikutaka asikie kutoka kwa watu. Nilimwambia, "Baba, nitakwenda kwa afisa. Nitasema yote."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia nimsomee zile amri kumi. Nilipofika ya tano, ya kuwaheshimu baba na mama, akaninyamazisha kwa mkono. "Mimi ndiye baba. Mimi ndiye mama," akasema. "Nani mwingine unamjua?"

Nikamwambia bado iko ya tisa, ya kutomshuhudia jirani uongo.

"Ya tano inakuja kwanza," akasema.

Nilikuwa na majibu mengi ya hasira, na namshukuru Mungu kwamba niliyameza. Nilimwambia tu kwamba sitakula tena mchele wa namna ile. Akaniambia siku nikisema yale mbele ya kamati, nisirudi kulala uani kwake. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimgeukia, nikangoja anilaumu, lakini alisema, "Nenda. Siwezi kumtazama tena yule bibi akituhesabu."

Zilikuwa zimebaki siku tano katika zile sitini. Nilimwambia afisa ninataka kurekebisha maneno yangu. Alikasirika, akasema nimemharibia kazi, lakini akaandika, akapanga siku, akatuma bibi aitwe. Hapa tena niliteleza, na sitaki kulificha. Ilinipasa nimwendee bibi kabla ya siku ile, nimweleze mwenyewe barazani kwake. Sikuwa na uso wa kumwendea. Nilijiambia atasikia huko huko. Basi alikuja barazani kwa afisa bila kujua anaitiwa nini, akaniona, akanipungia mkono.

Wazee wa kamati walikuwa wale wale, na baba mdogo alikuwa amekaa nyuma kabisa. Niliweka mkono juu ya Kitabu. Nilieleza kila kitu: njaa, panga la babu, kapu, jinsi tulivyoacha kumtumia bibi habari huko Vanga, kapu lililozuiwa. Nilieleza hata ule msiba wa uongo. Sikumtazama bibi, lakini nilisikia sauti yake ndogo, "Ah!" mara moja tu.

Yule mzee wa ndevu nyeupe akaniuliza, "Siku ile nilikuuliza. Mbona hukunijibu?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu. Nilikusudia kusema niliogopa kufukuzwa, kwamba mke wangu ana mimba. Ilikuwa kweli pia, na kila mtu angenihurumia. Nikaona ninakaribia kufanya tena kitu kile kile, kuchagua ukweli mmoja na kuutanguliza mbele ili ufiche mwingine.

"Niliitaka, mzee," nikasema. "Niliitaka ile ardhi iwe yangu."

Mzee akashusha pumzi, akamwambia afisa aandike. Ardhi ikaandikwa kwa jina la bibi, minazi ikaandikwa yetu, kama ilivyokuwa toka zamani.

Tulipotoka nje baba mdogo alinipita bega kwa bega. "Nilikufundisha kusoma ili uje unisomee haya," akasema, na hakusimama. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Nilikwenda kumzika, na nililia kuliko watoto wake.

Bibi alikuwa amesimama chini ya ngazi, anafunga leso yake vizuri. Nilimwendea. Nilidhani, na ninaona haya kulisema, nilidhani atanishukuru. Niliinama kama nilivyozoea.

"Shikamoo, Bibi."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Hakuitikia. Yule ambaye hakupata kumnyima marahaba hata kichaa wa sokoni, alinitazama, akanizunguka, akashika njia ya kwao peke yake.

Nilibaki uwanjani na jua la mchana. Afisa alikuwa anafunga meza zake. Nilikuwa sina baba, sina bibi, sina nyumba, na usiku ule nilikuwa sijui mke wangu atalala wapi. Vijana huniuliza kama nilihisi amani. Sikuhisi amani yoyote. Nilisimama pale nikamwambia Mungu, kwa sauti, mbele ya karani, "Sasa nimebaki na wewe tu, na kusema kweli naona hunitoshi."

Katika miaka yangu yote ya kuongoza sala, ile ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Mungu neno bila kuchagua lipi nimwonyeshe na lipi nimfiche. Kisha nikaenda nyumbani, nikamkuta mke wangu ameketi juu ya mizigo aliyokwisha kuifunga, ananingoja nibebe ule mzito.